Nyasi za Uwanja na Maji ya Mabwawa



Wiki iliyopita tulipokea barua kutoka Bungoma. Aliyeiandika ni binti wa Mombasa aliyeolewa huko bara, na kama ilivyo ada ya watu wa pwani, ametanguliza salamu za jamaa wote, wakubwa kwa wadogo, kisha ndipo likaja suala lenyewe. Anasema kwamba kiangazi kinapoingia, kuanzia Disemba hata Machi, nyasi za uwanja wanakocheza wanawe hukauka zikawa kama brashi, na vumbi huwaingia watoto vifuani. Katika kikao cha mtaa mzee mmoja alitoa shauri: maji yanayotoka katika mabwawa ya majitaka ya mji, yakishasafishwa, kwa nini yasimwagiliwe uwanja badala ya kuachwa yende zake mtoni? Kikao kiligawanyika. Wako waliosema ni akili njema. Akina mama wa Kiislamu walinyamaza, na walipotoka nje ndipo walipoulizana: nyasi hizo hazitakuwa na najisi? Watoto wakirudi na magoti yenye majani, nguo zao zitafaa kusaliwa? Na siku ya Idi, tunaposali uwanjani, tutatandika wapi mikeka yetu? Mwisho wa barua ameongeza mstari mmoja, kwamba dada yake aliyeko Kitale ameulizwa jambo lilo hilo katika mkutano wa wazazi wa shule.

Sisi wa pwani tuna mazoea ya kudhani kwamba bara ni mvua tupu. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400. Ni nchi ya mahindi, na mvua yake ni ya kutamanika kwa mtu wa Lamu. Lakini kiangazi chake nacho ni kiangazi, na ndani ya miezi hiyo mikavu ndimo Idi inamoingia siku hizi. Mwaka wetu wa Hijria huwa mfupi kuliko wa miladi kwa siku kama 11, kwa hiyo sikukuu zetu hurudi nyuma kila mwaka. Idi ya Mfunguo Mosi ya 2025 iliangukia mwisho wa Machi; ile ya 2029, kwa hesabu ya kalenda, itakuwa katikati ya Februari. Basi suala la dada yetu si la mwaka mmoja. Kwa miaka kadhaa jamaa zetu wa Bungoma na Kitale watasali Idi ama juu ya vumbi ama juu ya nyasi zilizomwagiliwa, na ni haki yao kujua zimemwagiliwa maji gani.

Nimesema jamaa zetu, na sikulisema kwa adabu tu. Misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19 kuelekea Uganda ilipumzika Mumias, kwa Nabongo Mumia, na kutoka hapo Uislamu ulitawanyika katika nchi za jirani, Bungoma ikiwamo. Wengi wa Waislamu wa pande zile husoma fiqhi ile ile tunayoisoma sisi, ya madhehebu ya Imamu Shafii, na jawabu la masuala ya tohara nitalitoa humo.

Kwanza tuyatazame mabwawa yenyewe, maana watu huyabishania bila ya kuyajua. Miji ya Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili ilihudumiwa kwa miaka mingi na kampuni moja ya maji, iliyochukua jina la mto Nzoia na kuweka makao yake Bungoma. Majitaka ya nyumba zilizounganishwa na mabomba ya mji husafishwa kwa njia ambayo miji mingi ya nchi zenye jua huipenda: huingizwa katika bwawa moja, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka yatoke upande wa mwisho. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, mita 2 hadi 5. Humo uchafu mzito huzama, na vijidudu visivyohitaji hewa huumeng'enya. Ndilo lenye harufu. La pili ni fupi kwa kina, na juu yake huota mwani mdogo mdogo unaoyapa maji hewa wakati wa mchana. Mabwawa ya mwisho ni mafupi zaidi, mita moja au moja na nusu, ili jua lipenye, na kazi yake ni kuua. Mchana mwani huyafanya maji yawe makali mfano wa maji ya magadi, na ukali huo pamoja na miale ya jua huvimaliza vijidudu vya kinyesi.

Katika njia hii hakuna mashine wala dawa. Kuna jua, upepo na muda, na muda ndio roho ya kazi yote. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza mwaka 1989 kwamba mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama yakikaa mabwawani siku 8 hadi 10. Kuvipunguza vijidudu mpaka kiwango cha kumwagilia bila ya masharti huchukua muda mrefu zaidi, kiasi cha siku 20 katika nchi ya joto. Angalia neno hilo: nchi ya joto. Kitale si Mombasa. Usiku wake ni wa blanketi mbili, na mabwawa ya penye baridi hufanya kazi polepole, kwa hiyo siku zinazotosha hapa kwetu hazitoshi kule. Tena kuna siku za karatasini na siku za majini. Bwawa lililojaa tope ambalo halikuzolewa kwa miaka hubaki na nafasi ndogo, na maji yake hupita njia ya mkato, yakatoka kabla ya wakati ingawa ramani ya fundi inasema vingine.

Jambo moja huwashangaza watu. Maji yanayotoka katika bwawa la mwisho lililo zima kiafya huwa na rangi ya kijani. Mama akiyaona atasema hayajasafishwa, kumbe kijani kile ni mwani, na mwani ndio uliofanya kazi. Na maji yanayong'ara kama ya chupa yanaweza kubeba mayai ya minyoo yasiyoonekana kwa jicho. Tutarudi hapo.

Sasa tohara. Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba maji mengi, yaani yaliyofika kula mbili, ambazo kwa vipimo vya leo ni kiasi cha lita 200, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi tu, mpaka yageuke rangi au ladha au harufu. Yakigeuka, yamenajisika. Kisha wakaendelea na mlango ambao wengi wetu tuliusoma chuoni tukaupita bila ya kuufikiri: maji mengi yaliyogeuka, mgeuko ukiondoka wenyewe kwa kukaa, au kwa kuongezewa maji mengine, hurejea katika utohara wake. Lakini ukifichwa kwa kutiwa kitu chenye harufu nzuri au udongo, hayarejei, kwa sababu hatujui kama mgeuko umeondoka au umefunikwa. Wanavyuoni waliandika hayo zamani, kabla ya mtu yeyote kuchimba bwawa la majitaka Kitale. Hata hivyo ukiyasoma utaona kwamba wameeleza kazi ya mabwawa haya haya: maji mengi, mengi mno kuliko kula mbili, yanakaa juani siku nyingi mpaka harufu na uchafu uondoke wenyewe. Ama ile rangi ya kijani, vitabu vyetu vimeshaitaja nayo. Maji yakigeuka kwa mwani au kwa kukaa sana mahali pake, mgeuko huo hauyadhuru.

Katika zama zetu suala hili limeshapelekwa kwa mabaraza makubwa. Baraza la wanavyuoni wakubwa wa Saudi Arabia lilitoa uamuzi mwezi wa Shawwal mwaka 1398, yaani Septemba 1978, kwamba majitaka yaliyosafishwa kikamilifu, yakarudi katika umbile lake bila ya kubaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, ni tohara na yanaweza kuondolea hadathi na najisi. Kuhusu kuyanywa, baraza lilitanguliza tahadhari kwa ajili ya afya za watu. Baraza la fiqhi la Makka, katika kikao chake cha 11 mwaka 1409, sawa na 1989, lilifika mahali pamoja nalo. Ikiwa maji hayo yaweza kutiwa udhu, basi kuyamwagilia nyasi ni jambo jepesi zaidi. Atakayetaka undani amwendee maalimu wake. Mimi hapa nawasilisha tu.

Lakini tuseme usafishaji haukukamilika, maji yakafika uwanjani yangali na harufu. Hapo hukumu inageuka, nami sitaki kumficha dada yetu. Ardhi ile itakuwa imenajisika, na katika madhehebu yetu haitoharishwi kwa kukaushwa na jua peke yake. Inahitaji maji juu yake, kama alivyoamrisha Mtume, rehema na amani zimshukie, ndoo ya maji imiminwe mahali alipokojoa bedui msikitini. Mvua ya Bungoma ikinyesha ikayaosha majani na udongo, imeifanya kazi hiyo. Na kwa siku ambazo mvua haijanyesha ipo nafuu: kitu kikavu hakinajisiki kwa kugusana na najisi iliyokauka, na anayetandika mkeka safi juu ya mahali pakavu penye najisi, Sala yake inasihi, ijapokuwa imechukizwa.

Hayo ndiyo ya tohara, na kwa hakika ni mapana kuliko tulivyodhani. Ningeweza kukomea hapa. Barua kama hizi aghalabu hujibiwa hivyo: inafaa, haifai, wassalamu. Ila najua kwamba mama yule, akishaambiwa inafaa, atawafungulia watoto mlango waende wakacheze pekupeku, na moyo wake utatulia. Utulivu huo ndio unaonitia hofu.

Tohara na afya ni mizani mbili, na kila moja ina namna yake ya kupokea shaka. Katika tohara, asili ya kitu ni usafi, na shaka haituondoi humo. Mtu anayeifuata shaka huishia katika wasiwasi, akaosha ndoo tatu kwa udhu mmoja. Katika afya ya mtoto mambo ni kinyume. Huko kutoona ubaya si ushahidi kwamba ubaya haupo. Maji yasiyo na rangi, ladha wala harufu yametimiza sharti la fiqhi, na wakati huo huo yanaweza kuwa na yai la chango, dogo kuliko punje ya unga. Yai hilo likianguka katika udongo wenye unyevu na kivuli huishi miezi, pengine miaka. Mtoto huanguka, hushika nyasi, hutia mkono kinywani. Hata hivyo vitabu vya fiqhi havikupungukiwa na neno, maana kujikinga na madhara ni wajibu nao una milango yake. Lakini hatuwezi kukipimia kipimo cha udhu kazi ya maabara.

Chango si peke yake. Iko minyoo ya safura, ambayo haingoji kumezwa. Vilui vyake hukaa katika udongo laini wenye unyevu na hupenya ngozi ya nyayo za asiyevaa viatu, vikasafiri mwilini mpaka utumboni, vikang'ang'ania hapo vikinyonya damu. Mtoto hudhoofika, darasani husinzia, mwalimu akasema ni mvivu. Mwanamke mjamzito mwenye safura hufika siku ya kujifungua na damu chache, na kila mama msomaji wa ukurasa huu anaijua khatari ya kujifungua katika hali hiyo. Magharibi ya Kenya na Pwani ni ndugu katika maradhi haya. Mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, ulioanza mwaka 2009 na kupanuliwa mwaka 2012, ulizilenga hasa pande hizi mbili za nchi, kwa sababu hapa ndipo minyoo ilipokuwa mingi. Dawa hizo ni neema. Lakini hazina maana kama tunampa mtoto kidonge darasani kisha tunamrudishia minyoo uwanjani.

Je, basi tuseme hapana, yaachwe yende mtoni? Wengi wangependa jawabu hilo, kwa kuwa linatuondolea tabu. Lakini mto si pipa la taka lisilo na wenyewe. Nzoia unakusanya maji ya Elgon na Cherangani, unapita karibu na Webuye na Mumias, unashuka mpaka Budalang'i na kuingia Ziwa Viktoria. Katika safari hiyo yote wako wanawake wanaochota maji yake kwa ndoo, na watoto wanaooga ndani yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kukidhi haja mahali watu wanapoteka maji, njiani wanapopita na kivulini wanapopumzika. Maji tunayoyaona hayafai hata kwa nyasi za watoto wetu, kwa uso gani tutayapeleka kwa mtoto wa mwenzetu aliye chini ya mto? Kuyatumia vizuri juu ya ardhi, yakachujwa na udongo na kunyonywa na mizizi, ni jambo jema kuliko kuyaacha. Na maji ya bomba, yaliyosafishwa kwa gharama, kuyamimina uwanjani wakati mitaa ya mji inapata maji kwa zamu ni ubadhirifu ambao nao tutaulizwa.

Kwa hiyo jawabu langu ni ndiyo, pamoja na hesabu. Na hesabu zipo. Kanuni za Kenya za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka vipimo vya majitaka yaliyosafishwa yanapotumiwa kumwagilia. Lililonipendeza humo ni kundi lililowekwa viwanja: viwanja vya michezo na bustani za umma vimo katika daraja moja na mboga zinazoliwa mbichi. Yaani mbele ya kanuni, mtoto anayegaagaa nyasini ni sawa na anayekula kachumbari. Kwa daraja hilo maji yasiwe na hata yai moja la minyoo kwa lita, na bakteria wa kinyesi wasifike 1,000 katika mililita 100. Kisha kuna nyongeza ambayo watu huipita: kwa nyasi za umma ambazo watu huzigusa moja kwa moja, mfano zile za hoteli, yafaa wasifike hata 200. Mimi nasema, uwanja wa watoto wanaocheza pekupeku na wanawake wanaosujudu haustahiki kuwa chini ya bustani ya hoteli ya watalii. Tuidai ile 200. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2006, liliona kwamba panapokuwa na watoto walio chini ya miaka 15 pawe na kinga zaidi: maji yasafishwe mpaka yai moja lisipatikane ila katika lita 10, au watu wavae viatu, au wapewe dawa za minyoo.

Nani atakayeambiwa kwamba hayo hayawezekani, na nusu ya pwani ina jamaa Maskati? Waulizeni waliokwenda. Zile nyasi na maua ya kandokando ya barabara za Maskati, katika nchi ya mawe na jua, sehemu kubwa humwagiliwa majitaka yaliyosafishwa. Oman iliweka kanuni zake mwaka 1993, na kwa mahali panapoingia watu ikachagua kiwango kile kile cha bakteria 200. Hapa kwetu Mombasa, mwaka 2008, ilianza kazi ya kutengeneza kinamasi cha matete katika gereza la Shimo la Tewa, kwa msaada wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ili majitaka ya gereza yasiingie ghafi katika hori ya Mtwapa na yapate kufaa kwa samaki na mimea. Si jambo geni, basi. Ila mitambo ya Maskati ina mashine, mafundi na fedha ambazo miji yetu haina. Kitale na Bungoma zina jua na mabwawa, na mabwawa hayasameheani na uzembe.

Nikiitazama barua tena, naona kwamba katika kikao chote hakuna aliyeulizia mpira wa maji. Kwangu hiyo ndiyo khatari kubwa kuliko nyasi zenyewe. Mtoto aliyekimbia saa nzima juani akiuona mpira unatoa maji, atakunywa. Mama anayeuza miwa na maembe pembeni ya uwanja akiona bomba karibu, ataoshea matunda yake hapo, na sisi tutayanunua. Kwa hiyo bomba la maji ya mabwawa lisiwe na koki ya kufunguliwa kwa mkono, lipakwe rangi yake peke yake, liandikwe kwa Kiswahili na kwa Kibukusu kwamba maji haya si ya kunywa, na asilani lisiunganishwe na bomba la maji safi hata kwa siku moja ya dharura. Pembeni pawe na maji safi ya kunywa na ya kunawa, la sivyo maandishi hayatamzuia mwenye kiu. Umwagiliaji ufanywe usiku, watu wakiwa majumbani, maji yakipita chini badala ya kurushwa hewani yakachukuliwa na upepo mpaka madirishani mwa watu. Asubuhi jua lipewe nafasi ya kukausha kabla ya geti kufunguliwa. Ikikaribia Idi, maji yakatwe siku kadhaa kabla. Na yule kijana atakayeajiriwa kumwagilia apewe mabuti na glavu, na dawa za minyoo kwa wakati wake. Yeye ndiye atakayeyagusa maji hayo kila siku, na aghalabu ndiye asiyekumbukwa.

Majitaka ya viwanda na gereji ni mlango mwingine kabisa. Mabwawa hayaondoi kemikali na mafuta kama yanavyoondoa vijidudu, na yakichanganywa na ya majumbani shauri lote livunjwe.

Sasa nimrudie dada yetu na maswali yake matatu. Nguo za watoto: uwanja ukimwagiliwa maji yaliyosafishwa yasiyo na athari ya najisi, nguo zao ni tohara, majani yakung'utwe wasali. Lakini mikono na miguu ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, na hilo ni la afya. Mkeka wa Idi: utandikwe popote palipo pakavu, bila ya wasiwasi. Ama kunyamaza kikaoni, hapo nina neno. Mkirudi katika kikao, wewe na wenzako, msinyamaze mkangoja kuulizana nje. Ombeni karatasi ya maabara ya maji yanayotoka bwawa la mwisho, si ya bwawa la kati, yenye hesabu mbili, ya mayai ya minyoo na ya bakteria, iliyopimwa zaidi ya mara moja, na mara moja iwe ni katika miezi ya baridi. Ulizeni tope lilizolewa mwaka gani, na kama NEMA imeyakubali maji hayo yatumiwe uwanjani. Dada yako wa Kitale naye aulize hivyo hivyo, na aongeze suala la baridi. Mkiambiwa kwamba maji ni safi kwa kuwa hayanuki, semeni kwamba hilo mmeshalijua kwa fiqhi na sasa mnataka la pili.

Karatasi hizo zikipatikana tuleteeni nakala. Tutazisoma pamoja katika ukurasa huu, inshallah.

Wabillahi tawfiq.